Bega linashikiliwa na nini? Mazungumzo ya Chake Chake kuhusu bega linalotoka mara kwa mara

Haya ni mazungumzo yaliyotolewa Chake Chake, Pemba, mbele ya wauguzi, madaktari wa vituo, makocha wa mpira na wazee. Yamewekwa hapa kwa ukamilifu kwa ajili ya wale ambao hawakuwahi kufika. Picha zilizooneshwa ukutani zimeachwa.

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu, mabibi na mabwana, makocha, wauguzi na madaktari mliotoka Wete, Micheweni, Mkoani na hapa hapa mjini, ahsanteni kwa kuitikia wito. Leo tunazungumzia kiungo kimoja tu, bega, na tatizo lake moja tu: bega linalotoka, likarudishwa, likatoka tena.

Nina swali moja, na nitalirudia mpaka mlichoke. Bega linashikiliwa na nini? Ukiweza kulijibu kwa mgonjwa aliyekaa mbele yako, utajua kama anahitaji kupasuliwa, na akipasuliwa ni operesheni ipi. Usipoweza, unaweza kufunga kamba nzuri kabisa kwenye mfupa ulioliwa, na kijana akarudi kwako baada ya mwaka mkono umening'inia.

Chukueni kisahani kidogo cha kikombe cha kahawa. Kisimamisheni wima, kisha egemezeni chungwa juu yake. Litakaa? Haliwezi kukaa. Basi hilo ndilo bega. Kichwa cha mfupa wa mkono ni kama chungwa, nusu kipenyo chake milimita 25 hivi. Kisahani kiko pembeni mwa kombe la bega, na eneo lake ni kama robo au theluthi tu ya eneo la kichwa. Tazameni nyonga: kule kichwa cha paja kimezama ndani ya bakuli. Bega limepewa kisahani badala ya bakuli ili mkono uweze kufika kila pahala, juu kwenye tawi la mkarafuu, nyuma mgongoni, mbele kwenye kasia. Ndiyo maana katika viungo vikubwa vya mwili, bega ndilo linaloongoza kwa kutenguka, na mara nyingi sana linatokea mbele.

Sasa, ikiwa kisahani hakitoshi, bega linashikiliwa na nini?

Kwanza, kisahani kimezungushiwa ukingo wa gegedu laini, kama mdomo wa sinia. Ukipima kina cha kisahani pamoja na ukingo wake, unapata milimita 9 hivi kutoka juu kwenda chini, na 5 tu kutoka mbele kwenda nyuma. Karibu nusu ya kina hicho ni kazi ya ukingo. Ukibanduka upande wa mbele, nusu ya ukuta umekwenda.

Pili, kiungo kimefungwa ndani ya mfuko usiopitisha hewa, na ndani yake mna maji kidogo sana. Bandika vioo viwili vilivyolowa, kisha jaribu kuvitenganisha kwa kuvivuta. Vinang'ang'aniana. Wachunguzi walipotoboa mfuko huo kwa sindano tu, bila kukata kano wala msuli, hewa iliingia na kichwa kikateremka.

Tatu, kuna misuli minne midogo inayotoka kwenye kombe na kukizunguka kichwa. Kazi yake kubwa ni kulisukuma chungwa lizame kwenye kisahani wakati mkono unafanya kazi za kawaida.

Nne, kano. Hapa nataka tukae kidogo, maana wengi wanadhani kano hushika wakati wote. Mabaharia mliomo humu mnaelewa upesi kuliko sisi wa hospitali. Upepo ukija kutoka upande mmoja, kamba za mlingoti za upande ule hukaza, na za upande wa pili hulegea. Chombo kikigeuka, zile zilizolegea ndizo zinazokaza. Kano za bega ni hivyo hivyo. Mkono ukining'inia, inakaza ya juu. Ukiinuliwa nusu, ya kati. Ukiinuliwa mpaka usawa wa bega, digrii 90, kisha ukageuzwa nje, zile mbili zinalegea na mzigo wote unaangukia kano ya chini. Hiyo ya chini ni kama machela: ina utepe wa mbele, utepe wa nyuma, na katikati mfuko unaokipakata kichwa.

Fikirieni golikipa uwanjani Gombani. Ameruka, mkono uko juu na nje, kiganja kinaangalia mbele. Mshambuliaji anaugonga mkono ule na kuusukuma kuelekea nyuma. Katika mkao ule misuli imezidiwa na kano mbili zimelegea. Umebaki utepe mmoja wa mbele. Unakatikia wapi? Mara nyingi haukatiki katikati. Unabanduka pale ulipojishika kwenye mfupa, na unaondoka pamoja na ukingo wa gegedu, wakati mwengine na kipande cha mfupa wa kisahani. Kichwa nacho, kikishatoka, kinagongana na mdomo mgumu wa kisahani, na nyuma yake panabonyea kama embe lililoangukia ncha ya jiwe. Denti hiyo inaitwa kwa majina ya madaktari wawili wa picha wa Marekani, Hill na Sachs, walioieleza mwaka 1940. Kwa hiyo siku moja, sekunde moja, bega limepoteza vitu viwili au vitatu. Kumbukeni hesabu hiyo, tutairudia.

Makocha, hapo hapo uwanjani msiuvute mkono. Huenda shingo ya mfupa imevunjika, na ukivuta unaitenganisha. Mfungieni kanga kama kombeo, mshikeni mkono ulivyo, kisha fanyeni mambo mawili: gusa ngozi ya upande wa nje wa bega, pale askari anaposhonewa cheo, umuulize kama anahisi sawa na upande wa pili, halafu tafuta mapigo ya damu kwenye kifundo cha mkono. Andika jibu. Hospitalini apigwe eksirei ya pande mbili kabla ya kurudishwa, na nyingine baada ya kurudishwa. Picha ya mbele peke yake inadanganya, hasa kwa mtu aliyepata kifafa au kupigwa na umeme, ambaye bega lake huweza kutokea nyuma na picha ile ikaonekana kama nzima.

Umri nao unasema mengi. Kijana chini ya miaka 20 anayecheza, bega likitoka mara moja, uwezekano wa kutoka tena ni mkubwa mno. Aliyevuka 40 hatari hiyo ni ndogo, lakini ana jambo jengine: kano za ile misuli minne huchanika. Mzee akirudishwa bega na wiki mbili zikapita hawezi kuinua mkono, msimwambie ni maumivu tu. Apimwe.

Nakuja kwenye upasuaji, na nitaanza mbali kidogo.

Zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, Hippocrates wa Ugiriki aliandika kuhusu vijana walioacha michezo, na wapiganaji waliouawa vitani, kwa sababu ya bega linalotoka kila mara. Dawa ya wakati ule ilikuwa chuma cha moto: unachoma ngozi, kovu linajikunyata, bega linabanwa. Lakini sikilizeni alichowalaumu waganga wenzake. Alisema wanachoma juu ya bega, wanachoma mbele, wanachoma nyuma, na hali mabega aliyokuwa akiyaona yanatokea chini. Kovu la pahala pasipofaa, alisema, linakisukuma kichwa kuelekea kule kule kinakotorokea. Yeye akachoma kwapani, na akaonya kuhusu mishipa mikubwa iliyopo pale. Mtu yule hakuwa na eksirei wala dawa ya usingizi, lakini aliuliza swali letu: kinatokea wapi, na pale palikuwa panashikiliwa na nini?

Cha kusikitisha ni kwamba chuma cha moto kilirudi. Katika miaka ya 1990 madaktari wa nchi kubwa waliingiza ncha ya umeme ndani ya bega na kuupasha moto mfuko uliolegea. Nyuzi za kano zikifika joto la digrii 65 hivi hujikunja kweli, na kwenye skrini ilipendeza: mfuko unakaza mbele ya macho yako. Lakini kano iliyopikwa ni dhaifu kwa wiki nyingi, na mgonjwa akianza kuutumia mkono inavutika upya. Wengine mfuko uliyeyuka kabisa, wengine mshipa wa fahamu wa kwapa uliungua, na njia ile ikaachwa.

Katikati ya hadithi hizo mbili yupo Bankart wa London. Mwaka 1923, kisha kwa urefu zaidi mwaka 1938, alieleza kwamba kiini cha ugonjwa ni kule kubanduka kwa ukingo na kano kutoka kwenye mdomo wa kisahani, na kwamba kazi ya daktari ni kuvirudisha pale pale vilipotoka. Leo jeraha lenyewe linaitwa kwa jina lake, na operesheni pia.

Inafanywaje? Nitaieleza hatua kwa hatua, kwa sababu wauguzi wa chumba cha upasuaji wapo, na kwa sababu mgonjwa ana haki ya kujua anachofanyiwa.

Mgonjwa anapewa nusu kaputi. Kabla ya kisu chochote, daktari analijaribu bega likiwa limelala: linatokea upande gani, kwa urahisi gani. Kamera ya milimita 4 inaingia kwa nyuma, sentimita 2 chini ya pembe ya nyuma ya paa la bega na sentimita 1 kuelekea ndani. Maji ya chumvi yanatiwa ili kiungo kifunguke. Mbele yanatobolewa matundu mawili, moja juu, moja chini karibu na ukingo wa juu wa msuli wa mbele, mmoja wa ile minne. Kisha kinatazamwa kila kitu, mpaka upande wa pili wa mfuko, ule unaojishika kwenye mfupa wa mkono. Wachache kano yao imebanduka kule na kwenye kisahani ni nzima. Asiyetazama kule atashona pahala ambapo hapajachanika.

Hatua inayofuata ndiyo inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayoharibu kazi nyingi. Ukingo uliobanduka zamani hauelei tu ukikungoja. Unateleza kwenye shingo ya kisahani na kuota pale, chini na ndani kuliko mwanzo. Lazima ubanduliwe upya, ufunguliwe mpaka nyuma yake zionekane nyuzi nyekundu za msuli, mpaka uinuke wenyewe kuelekea juu. Kisha mfupa wa mdomo wa kisahani unakwaruzwa mpaka utoke damu. Kano haigandi kwenye mfupa mkavu.

Halafu nanga. Ndiyo, kwa Kiswahili chetu tuziite nanga, maana kazi yake ni hiyo: kijiti cha milimita 3 au pungufu kinachozama kwenye mfupa, na uzi mgumu umefungwa kwake. Tuseme kisahani cha bega la kulia ni uso wa saa. Nanga ya kwanza ni ya chini kabisa, saa 5 na nusu kwa mshale wa saa kama inavyosomwa ukutani, ambapo 12 iko juu. Tundu linatobolewa kwenye ukingo wenyewe, au milimita 1 hadi 2 juu ya uso wa kisahani. Likitobolewa shingoni, umeliotesha jeraha lile lile kwa mkono wako. Uzi unapitishwa kwenye mfuko chini zaidi ya nanga, kama sentimita 1, ili ukivutwa uinue machela yote kutoka chini kwenda juu. Fundo linakaa upande wa mfuko. Likikaa upande wa kiungo litasaga gegedu kila mkono unapozunguka.

Nanga ngapi? Tatu ndiyo kiwango cha chini, na nne ni bora. Waliofungwa tatu au pungufu wameonekana kurudi zaidi. Lakini zisisongamane. Nanga zikipangwa mstari mmoja karibu karibu, mdomo wa kisahani unakuwa kama ukingo wa stempu, na siku moja unachanika kwenye matundu yale yale. Acheni nafasi ya milimita 5 hadi 7.

Na kukaza sana je? Hapo zamani kulikuwa na operesheni yenye majina ya Putti wa Italia na Platt wa Uingereza. Msuli wa mbele ulikunjwa na kufupishwa mpaka mkono ukashindwa kugeuka nje. Bega halikutoka tena, kweli. Lakini kamba ya mbele ikikaza kupita kiasi, chungwa linasukumwa nyuma ya kisahani na kukaa hapo miaka yote, na gegedu linalika upande mmoja. Wagonjwa walirudi baada ya miaka mingi na baridi yabisi ya bega na mkono usiofika nyuma ya kichwa. Jengeni kano kwa urefu wake wa asili. Bega lisiloweza kugeuka halijapona.

Sasa sikilizeni sehemu hii kwa makini, maana ndiyo iliyonileta hapa.

Mwaka 2000 madaktari wawili, Burkhart wa Texas na De Beer wa Cape Town, walitoa hesabu ya mabega 194 waliyoyashona kwa kamera, kwa njia hiyo hiyo niliyoieleza. Mkono ni ule ule, uzi ni ule ule. Wale ambao mfupa wao ulikuwa mzima, waliotoka tena walikuwa asilimia 4. Wale waliokuwa na upungufu mkubwa wa mfupa walikuwa asilimia 67. Ndugu zangu, 4 na 67! Tofauti haikuwa kwenye ushonaji. Kisahani cha kawaida, ukikitazama uso kwa uso, kina umbo la parachichi: chembamba juu, kipana chini. Wao waliona kwamba mfupa wa chini mbele ukiliwa, parachichi linageuka juu chini, na hapo kano hata zikifungwa vipi hazina cha kusimamia. Unafunga chombo kwenye gati lililobomoka.

Kwa hiyo bega linashikiliwa na nini? Na mfupa pia. Pima mfupa kabla hujafunga kamba.

Unapimwaje? Kwa sitiskeni, yaani picha ya CT, kisahani kikitazamwa uso kwa uso. Sehemu ya chini ya kisahani ni duara karibu kamili. Unachora duara, unapima kipenyo, unapima kilichokosekana mbele. Kipenyo kikiwa milimita 26 na zimekosekana 5, umeshapoteza asilimia 19. Oneni udogo wake: milimita 5, pungufu ya unene wa penseli. Upungufu wa asilimia 20 hadi 25 ni mpaka ambao wengi wanakubaliana kushona tu hakutoshi, na kwa mchezaji wa kugongana hata asilimia 13 au 14 zinatia wasiwasi.

Denti ya nyuma ya kichwa nayo inahesabiwa pamoja, haihesabiwi peke yake. Mkono ukiwa juu na nje, kisahani kinapita juu ya kichwa kama gari barabarani. Upana wa barabara hiyo ni asilimia 83 hivi ya upana wa kisahani, ukitoa mfupa uliopotea. Kwa yule wa milimita 26: asilimia 83 ni 21.6, toa 5, imebaki 16.6. Pima sasa kutoka pale kano za misuli zinapojishika kichwani mpaka ukingo wa ndani wa denti. Ukipata 14, denti iko ndani ya barabara na mfupa mwengine unaifunika. Ukipata 20, gurudumu litatumbukia. Denti ya namna hiyo, ikiwa kisahani chenyewe hakijaliwa sana, inaweza kujazwa kwa kushonea ndani yake kano ya msuli wa nyuma.

Hamna sitiskeni karibu? Kuna hesabu ya madaktari Balg na Boileau, ya mwaka 2007, inayotaka eksirei na maswali tu. Umri wa miaka 20 au pungufu: alama 2. Mchezo wa mashindano: 2. Mchezo wa kugongana au wa kunyanyua mkono juu ya kichwa: 1. Viungo vilivyolegea kwa asili: 1. Denti inayoonekana kwenye picha ya mbele mkono ukiwa umegeuzwa nje: 2. Mdomo wa chini wa kisahani umepoteza mstari wake: 2. Jumla 10. Golikipa wa miaka 18 anayecheza ligi ana 5 kabla hajapigwa picha. Picha ikionesha denti, anafika 7. Kuvuka 6 maana yake usimshone tu, fikiria mfupa.

Mfupa unatoka wapi? Weka kidole chini ya mtulinga, karibu na theluthi yake ya nje, bonyeza kwa ndani. Umegusa kijinundu kigumu, kinauma kidogo. Kila mmoja amekipata? Wagiriki walikifananisha na mdomo wa kunguru, na kunguru hapa hatuna haja ya kumtafuta. Mwaka 1954 Latarjet wa Lyon, Ufaransa, alieleza namna ya kuukata mdomo huo na kuufunga mbele ya kisahani.

Daktari anapasua mbele ya bega, kati ya msuli wa bega na wa kifua. Mdomo wa kunguru unakatwa kwenye kona yake, urefu wa sentimita 2 hadi 2.5, na kano za misuli miwili inayoning'inia kwake zinabaki zimeshika. Upande wake wa chini unakwanguliwa mpaka utoke damu, yanatobolewa matundu mawili kwa keekee. Msuli wa mbele haukatwi. Unapasuliwa kwa kufuata nyuzi zake, theluthi mbili juu na theluthi moja chini, na kipande kinapitishwa kwenye upenyo huo, kinalazwa mbele ya kisahani kati ya saa 3 na 5, kisha kinafungwa kwa skrubu mbili.

Uzuri wake ni kwamba kinafanya kazi tatu kwa mpigo. Kisahani kinapata upana tena. Mfuko unashonwa kwenye kipande. Na ile misuli iliyokuja nayo inapita chini ya bega kama mbeleko: mkono ukiinuka na kugeuka nje, pale pale pa hatari, mbeleko inakaza na kukizuia kichwa. Vipimo vya maabara vimeonesha kwamba katika mkao ule mbeleko ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya kazi, zaidi ya kipande cha mfupa chenyewe.

Yanayoharibika nayo yajulikane. Kipande kikijitokeza nje ya uso wa kisahani hata milimita chache, kitasaga kichwa mpaka kiungo kiishe. Kikirudi ndani sana, bega litatoka. Mfupa usipotokwa damu, hauungi. Skrubu zikielekezwa vibaya au zikizidi urefu, zinaufikia mshipa wa fahamu ulio nyuma ya kombe. Mshipa unaokunja kiwiko unaingia msulini sentimita chache tu chini ya mdomo wa kunguru, na ukivutwa kwa nguvu mgonjwa ataamka hawezi kukunja mkono. Hii ni operesheni ya mtu aliyefunzwa. Mgonjwa akipelekwa Unguja au Dar es Salaam kwa ajili hiyo, msione kama amefukuzwa.

Nipite haraka kwenye mtulinga, maana msimu wa karafuu hautusahau. Mtu akianguka mkarafuuni au kwenye bodaboda akafikia ncha ya bega, akiumia sana zinakatika hata kano mbili zinazoufunga mtulinga na ule mdomo wa kunguru. Hapo mtulinga unasimama juu kama kidato cha ngazi. Wengi wenye majeraha madogo hupona kwa kombeo na mazoezi, wasikimbilie kisu. Mtulinga ukisimama sana, ndani ya wiki 3 za mwanzo unaweza kuvutwa chini na kushikizwa ili kano zenyewe ziungane. Baada ya hapo haziungani, na ndipo kano mpya inapojengwa kutoka nyuma ya goti la mgonjwa mwenyewe. Kano za asili zimejishika sentimita 3 na sentimita 4.5 kutoka ncha ya nje ya mtulinga, na mpya zifuate hapo. Weaver na Dunn mwaka 1972 walitumia kano ya jirani kwa kazi hiyo, lakini nguvu yake ilikuwa kama robo tu ya ile ya asili. Ukitoboa mashimo mapana kwenye mtulinga ili kano ya goti ipite, mtulinga unavunjika kwenye shimo.

La mwisho ni siku. Uzi wa daktari unashika wiki za mwanzo tu. Baada ya hapo ni mwili unaoshika. Aliyeshonwa Bankart avae kombeo wiki 4 hivi, vidole na kiwiko vikifanya kazi kila siku, na mkono usigeuzwe nje kupita digrii 30 mpaka wiki 6 zipite. Mazoezi ya nguvu yaanze wiki ya 12. Mpira wa kugongana, kuvuta nyavu, kukwea mnazi: miezi 6. Wa Latarjet anavua kombeo mapema, wiki 2 au 3, lakini mfupa unataka miezi 3 kuunga na upigwe picha kabla ya kuruhusiwa. Wiki ya 8 ndiyo mbaya, kwa sababu maumivu yamekwisha na kano bado ni mbichi. Makocha, wiki hiyo kijana atakuja kuwaambia amepona, na familia yake itataka arudi baharini. Mzuieni.

Basi mkiandika barua ya kumpeleka mgonjwa, ninawaomba kwa dhati mwandike haya: limetoka mara ngapi, mara ya kwanza alikuwa na umri gani, linatoka akifanya nini, na kama sasa linatoka hata usingizini, kwa sababu linalotoka usingizini mara nyingi mfupa wake umeshaliwa. Tieni picha zote mbili. Andikeni ngozi ya pale pa cheo inahisi au haihisi, na ilikuwaje kabla ya kurudishwa. Barua yenye mistari mitano hiyo inamwezesha daktari wa huko kujua apime nini kabla mgonjwa hajapanda boti.

Ahsanteni sana. Nimeambiwa tuna nusu saa kabla ya adhuhuri. Naona kocha wa nyuma amenyoosha mkono tangu tulipofika kwenye nanga. Karibu, uliza.